UZI: Mungu hana upendeleo, lakini viti vya mbele kanisani vina wenyewe

Mleta uzi

Wanajamvi, salaam. Karibu kila Mkristo wa nchi zetu anaweza kuyataja kwa kichwa maneno ya Petro nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi wa Kaisaria, kwamba Mungu hana upendeleo, bali katika kila taifa mtu amchaye na kutenda haki hukubaliwa naye (Matendo 10:34-35). Mstari huo tunauimba, tunauandika kwenye kanga na kwenye vitambaa vya madhabahuni, na sijawahi kukutana na mhubiri anayeupinga. Ninachotaka tukijadili ni kile ambacho mahubiri yetu huliruka: Petro aliporudi Yerusalemu alishitakiwa kwa kosa gani hasa?

Fungueni sura ya 11, mstari wa 3. Hakushitakiwa kwa kuwahubiri watu wa mataifa, wala kwa kusali pamoja nao. Mashitaka yalikuwa kwamba aliingia kwa watu wasiotahiriwa akala nao. Wale ndugu wa Yerusalemu walikuwa tayari kabisa kumsikia Mungu akisifiwa kwa lugha nyingi, kwa kuwa siku ya Pentekoste walikuwa wamekwisha kuliona hilo. Kilichowashinda ni sahani. Luka analijua jambo hilo vizuri, na ndiyo sababu kabla ya safari ya Kaisaria anatuonyesha Petro juu ya dari, mchana wa saa sita, akiwa na njaa na chakula kikiandaliwa, anapoona ile nguo kubwa ikishushwa na wanyama wa kila namna ndani yake. Anatuambia pia, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba Petro alikuwa amepanga kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi kule Yafa, kando ya bahari. Mtu anayeshughulika na mizoga kutwa nzima hakuwa mwenyeji ambaye Myahudi mwangalifu angemchagua. Nadhani Petro alikwisha kuanza kulegezwa kabla ya maono hayajamfikia.

Hoja yangu basi ni hii. Fundisho la kutokuwa na upendeleo katika Agano Jipya karibu kila mara huja likiwa limefungamana na mambo matatu ya kawaida sana: nani anakaa wapi, nani anakula nini na pamoja na nani, na nani anakabidhiwa mamlaka. Kanisa linaloyaacha matatu hayo yabaki jinsi yalivyo, hata likitangaza kila Jumapili kwamba watu wote wanakaribishwa, halijaligusa fundisho lenyewe.

Mtume Yakobo anaanzia kwenye viti. Katika sura ya 2 anaeleza habari ya mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri anayeingia kwenye kusanyiko pamoja na maskini mwenye mavazi mabovu. Wa kwanza anaambiwa aketi mahali pazuri, wa pili anaambiwa asimame pale, au akae chini miguuni pa mwenyeji. Yakobo haoni hapo kasoro ya adabu tu. Anawaita waliofanya hivyo waamuzi wenye mawazo mabovu, na katika mstari wa 9 anasema waziwazi kwamba kupendelea watu ni kufanya dhambi.

Sasa nitoe mfano wa kwetu, bila kutaja usharika. Ni sikukuu ya mavuno. Mbele kabisa vimepangwa viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa vyeupe na kufungwa riboni, kila kiti na chupa yake ya maji. Nyuma yake mabenchi yasiyo na egemeo. Bibi mmoja, mshirika wa miaka mingi, amewahi tangu alfajiri na kukaa benchi la kwanza nyuma ya viti vile, kwa sababu masikio yake yamechoka na asipokaa mbele hasikii. Ibada ikiwa katikati, honi zinasikika nje, msafara wa mgeni rasmi umefika na watu wengi kuliko viti vilivyoandaliwa. Mzee wa zamu anamwinamia bibi, anamnong'oneza kwa heshima zote, na bibi anainuka na fimbo yake kwenda kutafuta nafasi kwenye turubai la nje. Somo la siku hiyo lilikwisha kusomwa, na kwaya ikaendelea kuimba kama kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna aliyemtukana. Utaratibu ulifuatwa.

Karibuni tujadili.

Mzee wa Usharika

Mleta uzi, nashukuru kwa mada, ingawa naona umetuonea kidogo sisi tunaobeba mzigo wa kuendesha sharika. Mimi ni mzee wa kanisa kwa muda mrefu. Paa la kanisa letu liliezekwa kwa fedha za harambee, na katika harambee hiyo sehemu kubwa ilitoka kwa hao wageni rasmi unaowasema. Biblia hiyohiyo inatuagiza tumpe heshima mtu astahiliye heshima (Warumi 13:7). Mila zetu pia hazimruhusu mgeni akae nyuma. Mkwe akija kwako humketishi jikoni. Je, tunapomwandalia kiti kiongozi au mfadhili tunatenda dhambi, au tunatimiza wajibu wa mwenyeji?

Kuhusu yule bibi, nakubali kwamba angeweza kutafutiwa kiti kingine ndani. Hilo ni kosa la mzee wa zamu, si la mfumo.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa, na wala sidharau kazi ya kuezeka paa.

Warumi 13 inazungumzia wajibu wa raia kwa mamlaka: kodi, ushuru, hofu na heshima. Hayo anadaiwa Mkristo popote alipo. Yakobo anazungumzia kusanyiko la waaminio, na huko Paulo mwenyewe anaigeuza hesabu: katika 1 Wakorintho 12:23 anasema vile viungo vya mwili tunavyoviona havina heshima ndivyo tunavyovipa heshima zaidi. Kwa hesabu hiyo, kama kuna kiti kimoja chenye mto, ni cha bibi asiyesikia vizuri.

Kuhusu mila ya mgeni, nadhani inatusaidia kuliko inavyotupinga. Mgeni katika mila zetu hakuulizwa kwanza ana nini. Mpita njia asiyejulikana alipewa maji, akapewa chakula, akaonyeshwa pa kulala. Tulichofanya makanisani ni kuuchukua ukarimu huo na kumpunguzia mpita njia ili tumwongezee mfadhili. Kumbukumbu la Torati 10:17-18 inaeleza kwamba Mungu hapendelei watu wala hapokei rushwa, na papo hapo inaongeza kwamba humpenda mgeni kwa kumpa chakula na mavazi. Upendeleo na rushwa vimetajwa kwa pumzi moja, mzee wangu, na sidhani ni kwa bahati.

Jambo la paa pia lina njia yake. Septemba 2021, Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana la Kenya, Jackson Ole Sapit, aliwazuia wanasiasa kuhutubu ibadani, huko Butere, siku ambayo Rose Okeno aliwekwa wakfu kuwa askofu. Hakuwafukuza. Walikaribishwa waabudu kama waumini wengine, ila mimbara haikuwa yao. Waliokuwa na la kusema kisiasa walikuwa na viwanja vyao nje ya kanisa.

Mfuatiliaji

Mimi nina swali la msingi zaidi, na naomba lisichukuliwe kuwa la ubishi. Mnasema Mungu hana upendeleo, lakini Mungu huyohuyo alilichagua taifa moja, Israeli, akaacha mengine yote. Malaki anasema Yakobo alipendwa na Esau akachukiwa. Ikiwa huo si upendeleo, upendeleo ni nini?

Mwalimu wa Kigoma

Naomba nimjibu Mfuatiliaji, kwa kuwa swali lake huulizwa hata darasani.

Uteuzi wa Israeli tangu mwanzo ulikuwa na kusudi lililowavuka Waisraeli wenyewe: Ibrahimu anaambiwa kwamba kupitia kwake jamaa zote za dunia zitabarikiwa (Mwanzo 12:3). Kisha manabii wanaligeuza jambo kwa namna ambayo msikilizaji wa wakati ule lazima ilimchoma. Amosi 3:2 inasema, kwa maneno yangu, kwamba kwa kuwa ninyi peke yenu niliwajua, kwa sababu hiyo nitawaadhibu kwa maovu yenu yote; na katika 9:7 Mungu anawauliza Waisraeli kama kwake wao si sawa na Wakushi, watu wa kusini mwa Misri, na anadai kwamba aliyewatoa wao Misri ndiye aliyewatoa Wafilisti Kaftori. Anayependelewa kwa kawaida hupunguziwa hukumu. Hapa aliyechaguliwa anaongezewa.

Ramani ya ukoo wa Yesu katika Mathayo 1 nayo haifichi kitu. Rahabu wa Yeriko yumo, na Ruthu Mmoabu yumo, ilhali Kumbukumbu la Torati 23:3 inamzuia Mmoabu kuingia katika mkutano wa Bwana hata kizazi cha kumi. Daudi ni kitukuu wa Ruthu.

Kwa upande wa hekalu, ukuta wa utengano haukuwa mfano wa maneno tu. Mwaka 1871, Charles Clermont-Ganneau aligundua Yerusalemu jiwe lenye maandishi ya Kigiriki, ambalo leo limo katika makumbusho ya Istanbul, likimwonya mtu wa taifa jingine asivuke uzio unaozunguka patakatifu, na kwamba atakayekamatwa atajitakia mwenyewe kifo kitakachomfuata. Paulo nusura auawe kwa sababu ya uzio huo, pale alipotuhumiwa kumwingiza Trofimo wa Efeso ndani yake (Matendo 21:28-29). Kwa hiyo Waefeso 2:14 inaposema kwamba Kristo amekibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga, wasomaji wa kwanza waliokuwa wamefika Yerusalemu walikijua kiambaza chenyewe kwa macho yao.

Mleta uzi

Ahsante sana Mwalimu. Umenifikisha mahali nilipotaka kwenda, yaani Antiokia.

Matendo 13:1 inaorodhesha viongozi wa kanisa la Antiokia: Barnaba, ambaye ni Mlawi wa Kipro, Simeoni aitwaye Nigeri, na Nigeri maana yake ni mweusi, Lukio wa Kirene, upande wa Libya ya leo, Manaeni aliyelelewa pamoja na mfalme Herode, na Sauli wa Tarso. Mwafrika na mtu wa ikulu wameketi meza moja ya uongozi. Katika mji huohuo ndipo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, na mimi huwa nawaza kwamba wenyeji walilazimika kuwatafutia jina jipya kwa sababu hawakuweza kuwaweka kwenye kabila lolote lililokuwapo. Hayo ni mawazo yangu, Luka hasemi.

Na ni Antiokia hiyohiyo Petro alipoteleza. Wagalatia 2:11-14 inaeleza kwamba alikuwa akila pamoja na watu wa mataifa, lakini walipofika watu kutoka kwa Yakobo wa Yerusalemu akaanza kujitenga, na hata Barnaba akachukuliwa na unafiki huo. Yule aliyetamka maneno ya Kaisaria ndiye aliyehama meza. Hakubadili mafundisho yake. Pengine ungemuuliza siku hiyo kama Mungu ana upendeleo angekujibu bila kusita kwamba hana. Alihofia tu watamwonaje. Paulo anasema alishindana naye uso kwa uso, mbele ya wote, kwa kuwa mwenendo ule haukwenda sawasawa na kweli ya Injili. Angalieni uzito wa maneno hayo kwa jambo ambalo wengi wetu tungeliita la kamati ya chakula.

Korintho nako ilikuwa vivyo hivyo. Chumba cha kulia katika nyumba ya tajiri wa Kirumi kilitosha watu tisa hivi wakiwa wameegama. Wengine walibaki uani. Wenye nafasi walifika mapema, wakala na kunywa, na vibarua na watumwa walipofika baada ya kazi walikuta masalio. Mmoja ana njaa na mwingine amelewa, ndivyo anavyoandika Paulo (1 Wakorintho 11:21), kisha anawaambia kwamba huko si kula chakula cha Bwana hata kidogo. Nimekwenda kwenye sherehe za kipaimara ambako meza kuu ilipata kuku wa kukaanga na soda za baridi, na waliobaki wakapanga foleni ndefu ya wali na maharage, wote wakiwa wametoka kushiriki mkate mmoja ibadani.

Binti wa Parokia

Tumsifu Yesu Kristo. Ningependa kuongeza kwamba yapo mazuri pia. Sisi Wakatoliki wa ukanda huu tuna jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970. Jumuiya hupangwa kwa mitaa. Huchagui watu wa kabila lako wala wa kipato chako. Unasali na uliopakana nao. Katika jumuiya yangu kuna daktari, muuza mkaa, fundi cherehani na mama anayefua nguo za watu, na zamu ya kusali inapofika kwa mama huyo, daktari hukaa kwenye mkeka wake.

Ila nitasema ukweli wote. Jumuiya hiyohiyo ndiyo hutumika msiba unapotokea. Maskini aliyekosa michango, au aliyekuwa na zamu za usiku asihudhurie, huulizwa kadi yake na maiti iko ndani. Mkubwa ambaye hatukumwona jumuiyani hata siku moja huzikwa na mapadri wengi, na kadi yake haiulizwi.

Mchungaji Mstaafu

Nimesoma yote kwa makini. Nakubaliana na mleta uzi, lakini nina tahadhari. Siku hizi mtu akikemewa dhambi husema kwamba Mungu hana upendeleo na kanisa halina haki ya kumhukumu. Kukaribisha watu wote si sawa na kuacha nidhamu. Kornelio alikaribishwa, na pia alihubiriwa na kubatizwa. Tusije tukalifanya fundisho hili kuwa mlango usio na bawaba.

Mleta uzi

Shikamoo Mchungaji. Tahadhari yako naipokea, na nadhani fundisho hili linaikaza nidhamu badala ya kuilegeza. Walawi 19:15 inakataza pande zote mbili: usimpendelee maskini, wala usimstahi mwenye nguvu. Paulo anamwagiza Timotheo asitende neno lolote kwa upendeleo (1 Timotheo 5:21), na anaandika hivyo katikati ya maelekezo ya kuwakemea wazee wa kanisa waliokosea.

Tujiulize basi nidhamu yetu humfikia nani. Msichana wa kwaya akipata mimba hutengwa na meza ya Bwana, husimamishwa mbele ya usharika siku ya kurudi kundini, na kijana aliyempa mimba huendelea kupiga kinanda. Mfanyabiashara mwenye nyumba ndogo inayojulikana na mji mzima huombwa awe mwenyekiti wa harambee. Ukiuliza, utaambiwa suala lake linashughulikiwa kichungaji. Mimi sina ugomvi na kushughulikia kichungaji. Naomba tu na yule msichana ashughulikiwe hivyo.

Mwalimu wa Kigoma

Naona hatujagusa ukabila, ambao kwa sisi wa ukanda wa Maziwa Makuu ndio mtihani wenyewe.

Sehemu ya tatizo tulirithi. Wamisionari waligawana maeneo, na maeneo yalikuwa ya makabila. Tanganyika, Walutheri wa Leipzig walikwenda Kilimanjaro, wa Berlin nyanda za juu kusini, wa Betheli Usambara na Bukoba. Mwaka 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na Kiswahili kilisaidia sana, lakini hadi leo katika nchi zetu ukitaja dhehebu la mtu na wilaya aliyotoka, mara nyingi kabila lake utalikisia. Pwani hali ilianza tofauti. Freretown, karibu na Mombasa, mwaka 1875, na Bagamoyo kabla ya hapo, makanisa ya kwanza yalijaa watumwa waliokombolewa: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine ambao hawakuwa tena na ukoo wa kurudia. Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa Unguja, akawa padri wa Kianglikana mwaka 1890. Hao walikuwa kanisa kabla ya kuwa kabila.

Kisha kuna 1994. Rwanda ilikuwa nchi ambayo walio wengi kabisa walikuwa wamebatizwa, na watu waliuawa ndani ya makanisa, Ntarama na Nyamata, wengine na washirika wenzao. Sitaki kuandika mengi juu ya hilo. Nataka niandike juu ya Buta.

Buta iko kusini mwa Burundi. Alfajiri ya 30 Aprili 1997 waasi walivamia seminari ndogo ya hapo, wakaingia bwenini na kuwaamuru vijana wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande huu. Vijana walikataa, wakabaki pamoja, na 40 kati yao waliuawa. Mwezi mmoja na kidogo kabla ya hapo, usiku wa 18 Machi, wanafunzi wa sekondari ya Nyange nchini Rwanda walipewa amri ya namna hiyohiyo na wakajibu kwamba wote ni Wanyarwanda, kadhaa wakauawa. Padri Zacharie Bukuru, aliyekuwa mkuu wa seminari ya Buta, ameeleza jinsi miaka ya vita vijana hao walivyolelewa kuishi pamoja: kuzungumza wazi kuhusu kilichokuwa kinaendelea nje, kusali, kucheza, kula na kulala bila kutengana. Nadhani mleta uzi ataona kwa nini nimelileta hapa. Saa ile ya alfajiri hapakuwa na muda wa kufikiri theolojia. Walikuwa wamezoea tayari kukaa bila mpaka.

Mfuatiliaji

Mwalimu, nimesoma kuhusu Buta nikanyamaza kwa muda. Swali langu la mwanzo limejibiwa kwa sehemu. Hilo la Esau bado nitalifuatilia. Kwa sasa nauliza la vitendo: mnapendekeza nini hasa kifanyike Jumapili ijayo?

Mleta uzi

Kwa ufupi, kwa kuwa uzi umekuwa mrefu. Matendo 6 inatupa mfano mzuri. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, chakula tena, na mitume hawakutoa semina ya umoja. Waliitisha mkutano, wakaomba wachaguliwe watu saba, na ukisoma majina yote saba, kuanzia Stefano hadi Nikolao mwongofu wa Antiokia, ni ya Kigiriki. Inaelekea walionung'unika ndio waliokabidhiwa ghala.

Kwa hiyo ningeanza na kamati. Wanaolalamika kwamba hawaonekani, wawe wahamiaji, wafanyakazi wa ndani, vijana wasio na kazi au wenye ulemavu, wapewe nafasi kwenye kamati ya fedha na ya sherehe, zaidi ya ile kamati ya usafi ambako tumezoea kuwaweka. Viti vya mbele viwe vya wasioona vizuri, wasiosikia vizuri na wenye magongo, na mgeni rasmi akifika kwa kuchelewa akae panapopatikana. Chakula kipikwe chungu kimoja. Kama fedha hazitoshi kuku kwa wote, wote wale maharage, meza kuu ikiwamo. Kiasi alichotoa mtu kisisomwe hadharani.

Mzee wa Usharika

Mleta uzi, nimefuatilia mpaka hapa. Hilo la kutosoma viwango siliungi mkono, kwa sababu bila kusoma, ahadi hazilipwi, na mimi ndiye nitakayeulizwa na fundi. Hilo la viti nitalipeleka kwenye baraza la wazee, na nadhani litapita. La chungu kimoja naliona gumu kwa mavuno ya mwaka huu, kwani mpishi wa meza kuu amekwisha kulipwa malipo ya awali. Nitajaribu kuomba fedha hiyo ihamishiwe chakula cha wote. Yule bibi wa mfano wako, kama yuko usharika ulio karibu na kwetu, nitumie ujumbe faraghani.